Mtunza Mifupa wa Garissa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na ardhi pasipo shahidi, kisha akatupa macho ili tuje kushuhudia kwa kuchelewa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewahi kumfundisha mwenzake jambo moja la kweli. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, maana bila umri nisingeweza kumweleza mtu huyu bila hasira.

Kwetu Garissa mtu akitajwa huulizwa kwanza, wa nani? Hutajwa baba, babu, baba wa babu, mpaka jina la kumi na zaidi, na mtoto wa miaka saba asiyeweza kuwahesabu mababu zake huonewa huruma kama yatima. Mimi nitayaacha hayo yote. Nayajua, lakini yeye mwenyewe alipoulizwa ukoo wake na mgeni alijibu, "Mimi ni mtu wa chumba," akaendelea kupangusa kioo. Basi nami nitamwita Mtunza, kama mji ulivyomwita.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kirefu, cha paa la bati, nyuma ya ofisi za serikali, na ndani yake kulikuwa na makabati manne ya vioo yenye mawe, meno, mifupa na vigae vya vyungu. Kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati mji wetu ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita vya Somalia, na malori ya chakula yakipita mchana kutwa kuelekea kambi za wakimbizi za Dadaab. Watu walishangaa. Wakati kama huo, nani anahitaji mahali pa kutazama mawe? Lakini chumba kilikuwa na kivuli, na mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Watu waliingia kutafuta kivuli wakatoka na maswali.

Mimi nilikuwa na dugsi yangu, yaani chuo cha Qur'ani, mtaa wa pili, na asubuhi nilifundisha dini katika shule ya msingi. Yeye alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, kwa hiyo nilimwita adeer, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake. Yeye aliniita Maalim, na aliliita jina hilo kwa namna mbili: moja ya heshima, na nyingine ya kunikumbusha kwamba sijui.

Mgeni akiingia, Mtunza alinyamaza kwanza. Aliitikia salamu, kisha alikuacha uzunguke. Ukimwuliza hiki ni nini, alikurudishia, "Wewe umeona nini?" Nilichukia sana jambo hilo. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hujibu. Siku moja nilimwambia hivyo, nikiwa mbele ya jiwe lililoletwa na wachungaji kutoka upande wa Mandera, jiwe lenye umbo la konokono aliyejikunja, kubwa kama sahani.

"Nimeona konokono," nikasema.

"Konokono ya wapi?"

"Wa baharini, nadhani. Nimeona kama hao Lamu."

"Na Mandera iko bahari?"

"Hakuna."

"Haye," alisema, akaketi. "Sasa enda nayo hiyo."

Nilikwenda nayo, na kwa siku tatu konokono yule alinijia katikati ya somo.

Ndani ya chumba alitaka watu waseme Kiswahili. Nje tulisema Kisomali, lakini akivuka kizingiti alibadilisha ulimi hata kwa binamu yake. "Hapa Kiswahili si ya mtu," alisema. "Wewe mgeni, mimi mgeni, yule bolisi wa bara mgeni. Wote tunakosea sawasawa." Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, p ikisikika b, v ikisikika f, na ngeli zikitembea kama mbuzi wasio na mchungaji. Nitaandika maneno yake karibu na alivyoyasema, ila kuanzia hapa matamshi nitayaacha, nisimchoshe msomaji.

Kila kitu ndani ya makabati kilikuwa na kikaratasi, na kila kikaratasi kiliandikwa kwa penseli. Juu aliandika jina la kitu, chini aliandika nani amekileta na kutoka wapi. "Jino la kiboko. Limeletwa na mama wa maziwa, Balambala, ukingo wa mto." "Jiwe lenye wayo. Limeletwa na wachimba kisima, njia ya Tarbaj." Wachungaji waliokuja mnadani na ngamia wao walipitia chumbani kuhakikisha kwamba bado wameandikwa. Asiyejua kusoma aliomba asomewe, halafu asomewe tena, kisha akatoka akitembea kama aliyepewa cheo.

Nilimwuliza kwa nini penseli, maana joto na vumbi letu hula maandishi ya penseli haraka. Alisema wataalamu hupita kila baada ya miezi kadhaa. Mmoja alisema jino hili ni la zamani; mwingine akaja akasema ni la zamani zaidi; wa tatu akasema si la kiboko. "Nikiandika na wino, nitakuwa mwongo mara tatu," alisema. Alikuwa na kifutio kilichokwisha mpaka kikawa kidogo kama punje ya mahindi. Na sikumsikia hata mara moja akisema "hii ni" kitu fulani. Alisema "wanasema." Wanasema hapa palikuwa na maji. Wanasema mnyama huyu alikuwa mrefu kuliko twiga. Hajji, mwenyekiti wa kamati yetu ya msikiti, muuza vitambaa mwenye sauti ya kuuza vitambaa, alimchekea kwamba hata mkewe akijifungua atasema, "Wanasema ni mtoto."

Alishika kwa mikono yake mifupa ya wanyama waliokufa, kwa hesabu yangu, kabla ya Nuhu, lakini mbuzi akichinjwa aligeuza uso. Chai aliinywa bila sukari, katika mji ambao chai isiyo na sukari hupewa mgonjwa. Alikuwa mkali kwa waliogusa vioo, na alama za vidole alizifuta kwa ncha ya kilemba huku akinung'unika. Lakini mzee mmoja kipofu kutoka Diff alipoletwa na binti yake, Mtunza alifungua kabati kwa ufunguo, akamweka konokono wa jiwe mapajani mwa mzee, akamwacha naye mpaka adhuhuri. Mzee alimpapasa weee, kisha akasema, "Huyu alijikunja kwa baridi." Mtunza alikwenda mezani akaliandika hilo pia.

Katika sala alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Adhana ikilia hakufunga mlango. Alikilaza kiti chake kizingitini, miguu ikitazama nje, na hiyo ndiyo ilikuwa kufuli. Mji mzima uliiheshimu. Ndiyo maana jambo lililotokea linaniuma, kwa sababu siku ile kiti kile kilirukwa, na mmoja wa waliokiruka ni mimi.

Lilianza hivi. Kutoka Nairobi liliteremshwa sanduku la maonyesho juu ya asili ya mwanadamu. Ndani yake mlikuwa na picha ndefu ya watu watano katika mstari, wa kwanza ameinama karibu kushika ardhi, wa mwisho amesimama wima. Pamoja nayo lilikuja fuvu la rangi ya kahawia, lenye paji la uso lililolala na taya pana. Mtunza aliitundika picha ukutani, akaliweka fuvu katika kabati la nne, akaandika kikaratasi chake kama kawaida. Ijumaa iliyofuata jambo lilikuwa limefika kwenye hotuba. Jumapili lilifika pia katika kanisa dogo la wafanyakazi wa serikali waliotoka bara, na pasta wao, kijana mpole mwenye miwani, alimjia Hajji dukani. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuwaona wawili hao wakikubaliana.

Alhamisi afisa wa wilaya, tuliyemwita Bwana DO, aliitisha mkutano mle mle chumbani. Tulibanana kati ya makabati.

"Mtunza," Hajji alianza, "wewe unasali nyuma ya imamu, halafu unatundika nyani unasema ni babu yetu?"

"Mimi sikusema babu yako, Hajji. Nilisema wanasema. Na jina yako haiko kwa karatasi."

Watu walicheka. Hajji hakucheka.

Pasta aliinua mkono. "Sisi hatuombi kitu kiondolewe. Tunaomba haki. Kama sayansi ina ubao wake, basi na Neno la Mungu liwe na ubao. Habari ya uumbaji, kitabu cha kwanza, sura ya kwanza."

"Sawa kabisa," alisema Hajji. "Na Qur'ani iwe juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya huo ubao wako."

"Lakini, Hajji, kitabu chetu ndicho kilichotangulia."

"Katika mji gani?"

Haikuchukua muda, fuvu likasahauliwa, na watu wazima wakawa wanagombea msumari. Mtunza alimimina chai. Mwishowe Bwana DO alipiga meza akasema yeye hakuletwa Garissa kupima urefu wa mbao. Alitupa mpaka Jumatatu. Kukiwa na amani, chumba kitabaki. Kukiwa na kelele, atakifunga, na kila kilichomo kitapakiwa kwenye lori kirudi Nairobi.

Nilimtazama Mtunza. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mawe yale alikuwa ameyapokea moja moja kutoka mikononi mwa watu, na alijua kila moja lilikuja siku gani na nani alilibeba kwa ngamia. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokijua hivyo.

Mkutano ulikubaliana mbao mbili zitundikwe, urefu sawa, kulia na kushoto. Ule wetu nilipewa mimi kuuandika, kwa sababu mkono wangu ulisifiwa. Nilikaa nao tangu alasiri ile mpaka asubuhi yake. Niliandika aya ya kuumbwa kwa mtu kutokana na udongo, kwa Kiarabu juu na maana yake chini, kwa wino mweusi na nukta za kijani. Mungu anisamehe, nilipoumaliza nilirudi nyuma hatua tatu nikautazama, na furaha niliyoipata haikuwa yote kwa ajili ya Mungu.

Baada ya sala ya Ijumaa niliupeleka, Hajji akiwa nyuma yangu na watu kama ishirini nyuma yake. Mtunza aliupokea kwa mikono miwili, akausoma wote kwa sauti, akaubusu pembeni. Kisha akaurudisha kwangu.

"Maalim, ni nzuri kuliko kitu chote iko hapa," alisema. "Lakini hapa tunaandika na hii." Akanipa penseli.

"Sikuelewi, adeer."

"Chumba hii kila kitu ni penseli. Leo iko, kesho wanakuja wanasema hapana, nafuta. Andika aya kwa penseli, mimi nitatundika saa hii."

Niliishika penseli ile. Watu walikuwa wakinitazama. Hajji alisema, "Andika tu, tumalize." Lakini mkono wangu haukuinuka.

"Siwezi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Maneno ya Mungu hayafutwi."

"Basi usilete mahali ya kufuta," alisema, kwa upole kabisa. "Wewe unataka mtu aweke aya hapa na mfupa hapa, halafu apime? Mfupa ikibadilika, atasema nini juu ya aya?"

Leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha, naona hakuna aliyenieleza heshima ya Qur'ani vizuri kuliko mtu yule siku ile. Lakini siku ile sikusikia heshima. Nilisikia watu ishirini wakinyamaza nyuma yangu, na ubao wangu umerudi mkononi mwangu. Pasta, aliposikia, hakuleta ubao wake. Alisema atangojea Jumatatu. Hajji alisema yeye hangoji.

Jumamosi asubuhi alikuja dugsini kwangu na hoja, na hoja yenyewe haikuwa ya kijinga. "Maalim," alisema, "lile fuvu, wao wenyewe wanasema ni la mtu. Haya. Kama ni mtu, kwa nini yuko kabatini? Mtu huzikwa. Na kama si mtu, kwa nini aitwe mtu? Tumzike tu. Hapo hakuna ubao, hakuna kelele, na DO hana la kufunga."

Tulimwita mwosha maiti wa mtaa, mzee mwenye macho hafifu aliyewaosha baba zetu. Tulikaa tukajadili kwa makini sana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, sehemu ya mwili wa Mwislamu ikipatikana huoshwa, husitiriwa na kusaliwa. Lakini je, huyu alikuwa Mwislamu? Mwosha maiti alisema kila mtu huzaliwa katika maumbile safi. Nilisema, na kama aliishi kabla ya mtume yeyote kumfikia? Hajji alisema basi huyo hana dhambi, na asiye na dhambi ana haki zaidi ya kuoshwa. Nakumbuka nilimwonea huruma kwa kweli mtu yule wa paji la uso lililolala. Nilijiuliza alimwita nani alipoogopa.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, Mtunza alilaza kiti mlangoni akaenda msikitini. Mimi na Hajji tulikiruka kile kiti. Kabati la nne halikuwa limefungwa. Nililifunika fuvu kwa shuka langu, nikatoka nalo, midomo yangu ikitamka shahada kwa niaba yake.

Uani kwa mwosha maiti kulikuwa na maji ya uvuguvugu, sabuni, na majani ya mkunazi yaliyosagwa, tunayoyaita qasil. Mzee alianza upande wa kulia, kama sunna. Alimimina, akasugua taratibu. Maji yakawa ya kahawia.

"Ana vumbi nyingi, maskini," alisema.

Alimimina mara ya pili. Maji yakawa meupe. Mara ya tatu yakawa mazito kama tui, na pua ikaanza kupotea chini ya kidole chake.

"Maalim," alisema mzee, "nimeosha watu mpaka nimezeeka. Huyu anatoka chokaa."

Taya ilidondoka ndani ya beseni ikavunjika. Katikati yake kulikuwa na waya. Hajji aliushika waya ule, akautazama, akaketi chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe.

"Plasta," alisema. "Tumeosha plasta. Kwa qasil."

Mwosha maiti alianza kucheka, kidogo kidogo, mabega yakitikisika, akajifunika uso kwa kilemba, na Hajji akamfuata mpaka machozi. Mimi sikuweza. Nilifunga kilichobaki ndani ya ile sanda tuliyokuwa tumeikata, nikaifunga ncha zote vizuri kama inavyofungwa, nikairudisha. Kiti bado kilikuwa kimelala. Nililiweka furushi ndani ya kabati la nne, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilikisoma kikaratasi. Kiliandikwa kwa penseli, kwa mkono wake uleule: "Nakala ya plasta. Lenyewe liko Nairobi." Kilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Neno la kwanza kuteremshwa kwa Mtume wetu lilikuwa amri ya kusoma, na sisi watu watatu wa dini, na mimi mwalimu, hatukusoma mstari mmoja.

Jumatatu Bwana DO alikuja. Chumba kilijaa kuliko siku ya mkutano. Sanda ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, na ndani yake vipande vya plasta na waya.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza. "Hii ni mali ya serikali. Nani aliingia humu?"

Hajji alitazama viatu vyake. Mwosha maiti hakuwa amekuja. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na konokono wa jiwe, na ulimi wangu ulikuwa mdomoni mwangu, mzima, na haukusema.

"Kitu ilikuwa chini ya mkono wangu," alisema Mtunza. "Ikiharibika, mimi ndio wa kuulizwa."

"Uliacha mlango wazi?"

"Niliacha."

"Na kabati?"

"Na kabati."

"Umeosha wewe?"

"Bwana DO, imeingia maji. Chumba ni ya nani kama si yangu? Andika jina yangu."

Bwana DO aliandika. Sikulisikia neno la uongo katika majibu yale, na nimeyapima mara nyingi. Uamuzi ulitoka wiki hiyohiyo. Picha ikunjwe irudi Nairobi. Mbao za dini, hapana, si wa msikiti wala wa kanisa. Chumba kiendelee. Mtunza apumzishwe kazi kwa uzembe, na funguo apewe mwanamke mmoja wa maktaba. Mji ulipoa. Pasta alimtumia Hajji salamu, Hajji akamtumia kitambaa. Mtunza alichukua kilemba chake na kifutio chake, akaacha penseli mezani, akatoka. Sikumuaga.

Baadaye niliingia chumbani peke yangu. Katika kabati la nne vile vipande bado vilikuwepo, na kabla ya kuondoka alikuwa amebadilisha kikaratasi. Kilisomeka: "Nakala ya plasta. Imeoshwa Garissa, kwa heshima."

Miaka ilikwenda. Nilifundisha, nilisali, na kila nilipofika kwenye somo la kusema kweli nililifundisha kwa haraka. Baada ya ile mvua kubwa ya mwisho wa muongo, mto Tana ulipoingia mashambani na barabara zikakatika, nilisikia kwamba Mtunza yuko Balambala, analima kando ya mto. Barabara ilipokauka nilipanda lori la mchanga nikaenda.

Nilimkuta ndani ya mfereji, macawis yake, yaani kikoi, imekunjwa juu ya magoti, anaondoa tope kwa jembe kati ya mistari ya migomba. Alikuwa amekonda. Alinitazama kama mtu aliyeniacha jana.

"Maalim. Warran?" aliuliza, yaani, habari gani?

"Nabad, adeer," nikajibu, yaani, amani. Sikuingoja chai. Nilisema nimekuja kwa jambo moja. Nilisema mimi ndiye niliyelichukua lile fuvu, na mimi ndiye niliyenyamaza, na chumba chake kilimtoka kwa sababu yangu.

Alichomeka jembe kwenye tope akaliegemea.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Sanda ilifungwa na mtu anajua kufunga. Garissa wako wawili. Mmoja haoni vizuri, na mafundo yake yanaenda kombo. Yako yalikuwa sawa."

"Basi kwa nini hukusema?"

Alinitazama kwa kunishangaa, kama vile nimeuliza maji yanatelemkia wapi. "Ningesema nini? Ningesema msikiti imeingia kuiba? DO angefunga siku hiyo hiyo, na kanisa ingefurahi, na nyinyi mngekasirika, na mpaka leo ingekuwa vita. Lakini kama ni mzee mzembe tu..." Alipuliza kiganja, kama anayepeperusha pumba. "Mzee mzembe anaenda nyumbani. Chumba inabaki."

Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Nilimwomba anisamehe. Alisema ameshasamehe zamani, nisimame nisichafue kanzu, na kama nataka kumlipa nishike beleshi. Nilishika. Tulifanya kazi mpaka jua lilipoegemea, na katika kazi hiyo nilimwuliza swali nililolibeba miaka yote: yeye mwenyewe aliamini nini juu ya mtu yule wa fuvu?

"Naamini Mungu aliumba," alisema. "Jinsi gani, sikuwepo. Ndio maana nilikuwa naenda kazini kila siku."

Kisha akauliza, bila kunitazama, kama mtu anayeuliza habari za mwanawe aliye mbali, "Iko wazi?"

"Iko wazi. Mpaka alasiri, kila siku. Mawe yote yapo."

"Watu wanaingia?"

"Wanaingia. Juzi tu nilipita nikakuta wanawake wanne kutoka Wajir, wanangoja basi. Walikuwa wamemzunguka yule konokono wa Mandera, wanabishana mpaka mmoja alivua shali."

Aliacha jembe. Uso wake wote ulifunguka. "Wanabishana nini?"

"Sijui, adeer. Nilikuwa nawahi sala."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Mtu yule niliyemwibia, aliyeondolewa kazini kwa ajili yangu na kunisitiri mbele ya serikali bila kukunja uso, sasa alikunja uso. Alipanda kutoka mferejini, tope likimtiririka miguuni, akanisogelea.

"Maalim! Wanawake wanne wanapigana juu ya konokono, wewe uko hapo mlangoni, na hukuuliza? Utajua aje sasa? Wameshaenda!" Aligeuka akautazama mto, akanigeukia tena. "Walikuwa wa upande gani wa Wajir? Angalau hiyo?"

Sikujua hilo pia. Alitikisa kichwa, akarudi mferejini akaendelea kulima, na mpaka lori langu lilipokuja hakuwa ameniwia radhi kwa hilo.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufungulie macho kwa alichokiumba, akupe subira ya kuuliza kabla watu hawajaondoka, na akujalie jirani wa kukusitiri siku usiyostahili. Nawe akufanye jirani wa namna hiyo kwa mwingine. Amina.